Maswali Arobaini na Saba ya Mheshimiwa Pimbi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa ya wapi?"

"Ya Bonde la Mawe, kisima kikazibwa!"

Hapo zamani za kale, tarehe tatu Januari, mwaka wa ukame mkuu, jiwe liliporomoka, puu! Likaziba kisima cha Bonde la Mawe. Muhanga, mchimbaji hodari, akaanza kuchimba kando yake kuyafuata maji. Kwaru, kwaru. Naye Pimbi, mbunge wa bonde hilo, akaenda bungeni kuomba ndovu waje kuliondoa.

Tarehe kumi na saba akasimama, kiti cha nyuma kabisa. "Mheshimiwa Spika, jiwe litaondolewa lini?"

Kiboko, Waziri wa Maji, akainuka akichuruzika. "Nampongeza Mheshimiwa kwa swali zuri. Jiwe hilo Serikali inalitazama kwa jicho la pekee."

Nyumbu wakapiga kwato: ndu! ndu! ndu!

Pimbi akaketi, kichwa kikimzunguka. Je, amekubaliwa? Amekataliwa? Mbona anashangiliwa? Akamtuma Kwale, tarishi wake, nyumbani: "Waambie wapumzike. Serikali inakuja."

Aprili akauliza tena. Akapongezwa tena. Ndu! ndu! ndu! Julai akahutubia hata koo likakauka. Kiboko akasema jiwe sasa linatazamwa kwa macho yote mawili.

"Mawili ni zaidi ya moja," akawaza Pimbi. "Au sivyo?" Akamtuma Kwale.

Tarehe thelathini na moja Desemba akarejea kwao, akiwa ameuliza maswali arobaini na saba. Bonde kimya. Jiwe pale pale. Shangazi Kobe peke yake kivulini.

"Shangazi, wenzetu wako wapi?"

"Wamehama tangu tarehe tisa Novemba. Mimi miguu haikuniruhusu. Nikabaki kungoja wewe au kifo, atakayetangulia."

"Lakini niliuliza!"

"Uliuliza, mwanangu. Na kila alipokuja Kwale, Muhanga alifuta kucha zake akaketi."

Pimbi akatazama jiwe. Akatazama shimo. Akafungua kinywa.

"Mheshimiwa," akasema Kobe, "hapa hakuna Spika."

Pimbi akaingia shimoni. Kwaru. Kwaru. Vidole vikamtoka damu. Jua halijatua, udongo ukalowa. Kumbe ilibaki shubiri moja kuyafikia maji. Shubiri moja tu!

Kobe akanywa. Pimbi akaketi kando, asijue acheke au alie. Hakuna aliyempigia kwato.

Enyi wakubwa kwa wadogo, kuuliza si kosa. Ila angojaye jibu asiweke jembe chini. Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye masikio na aibebe.