Pikapu ya Asajile

"Injini mpya haijui breki za zamani." Maneno hayo wajukuu wa Bibi Atupele waliyasikia kwa fundi mwashi aliyekataa kuwapandishia ghorofa juu ya kuta za tofali mbichi. Walirudi nyumbani wakamkuta bibi yao akichambua maharage, wakamwuliza imekuwaje mwashi aongee mambo ya magari. Bibi hakucheka kama walivyotazamia. Alisogeza ungo pembeni, akawaambia waketi, kwa kuwa msemo ule ulizaliwa papa hapa Ikombwe, na wale ambao vifo vyao viliuzaa yeye aliwajua kwa majina. Ulianza hivi.

Kabla barabara ya lami haijafika, Ikombwe nzima ilikuwa na gari moja, nalo ni pikapu ya Asajile. Ilikuwa kuukuu, ya petroli, imeliwa na kutu hata rangi yake ya kwanza haikujulikana tena. Kwenye tambarare ilikwenda bila taabu. Lakini hospitali ilikuwa juu ya mlima wa Ngubi, na katika mlima ule pikapu ilihema kama mgonjwa wa pumu. Siku moja Asajile alimpakia mkewe, Subilaga, aliyekuwa na uchungu wa kujifungua kwa siku ya pili. Katikati ya mlima maji ya rejeta yakachemka na injini ikazima. Wakaipoza, ikaenda hatua chache, ikazima tena. Ilipozima mara ya tatu, Subilaga naye alikuwa amenyamaza. Walimzika na mtoto wake tumboni.

Subilaga alikuwa dada wa Gwamaka, fundi wa magari wa pekee pale kijijini. Ni yeye aliyeihudumia injini ile miaka yote, na tangu msiba alikuwa haisikii ikiwashwa bila kuinamisha uso. Kwa hiyo Asajile alipouza ng'ombe zake, akaenda mjini na kurudi na injini ya dizeli yenye tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa ipate nguvu zaidi, iliyofunguliwa yote na kuundwa upya, Gwamaka aliipokea mara moja. Alichukua spana zake akaanza kazi.

Ilimchukua siku nane. Aliinyanyua injini ya zamani kwa mnyororo uliofungwa kwenye miti mitatu, akaiweka chini kwenye majani, na hakuna aliyeigusa tena. Ile mpya ilikuwa ndefu zaidi na nzito zaidi. Ilimbidi akate vishikio vya zamani na kuchomelea vingine, asogeze rejeta mbele, aunge upya bomba la moshi, na apunguze urefu wa propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ili ulingane na giaboksi iliyokuja na injini. Usiku hakulala vizuri, maana kila akifumba macho alipiga hesabu ya milimita. Siku ya tisa Asajile alipozungusha ufunguo, injini ilinguruma mara moja, sauti nzito iliyotulia, na tabo ikapiga mluzi wake mwembamba. Watu waliokuwa wamekusanyika wakapiga makofi. Wazee walimshika Gwamaka mkono mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja alilia, akasema sasa hakuna binti wa Ikombwe atakayefia mlimani tena.

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki. Injini ya petroli, inapofanya kazi, hunyonya hewa, na mnyonyo huo ndio unaolisaidia lile kopo la duara lililo mbele ya pedali ya breki. Dereva anagusa kidogo, gari linasimama. Dizeli hainyonyi namna hiyo. Huwekewa pampu yake ndogo ya kuvuta hewa, nayo injini ya Asajile ilikuja bila pampu. Gwamaka alikanyaga pedali akaikuta ngumu kama jiwe. Gari tupu, kwenye tambarare, liliweza kusimamishwa kwa nguvu za mguu. Zaidi ya hapo asingeweza kuapa.

Alimvuta Asajile kando, watu wakiwa bado wanashangilia.

"Shemeji, breki bado," alisema. "Nimeagiza pampu. Itakuja na lori la Ijumaa."

Asajile alisema ameelewa. Mtu mwingine akaja kumpa Gwamaka mkono na kumsifu, naye akageuka kumwitikia. Neno lile hakulirudia, wala hakumwambia mwingine yeyote.

Jumanne asubuhi, siku tatu kabla ya lori, Tusekile, mke wa Lusajo mfuma vikapu, alishikwa na uchungu. Mkunga alimpapasa akasema mtoto amekaa vibaya. Lusajo alikwenda mbio kwa Asajile, na Asajile akaenda kwa Gwamaka, kwa kuwa gari lilikuwa bado karakana. Fundi alisimama na ufunguo mkononi. Alimfikiria dada yake. Alifikiri pia kwamba mtu anayepanda mlima hana haja kubwa na breki.

"Panda naye," alisema. "Ukifika, liache huko huko juu. Usishuke nalo mpaka nikuletee pampu."

"Sitashuka nalo," alisema Asajile.

Mlima wa Ngubi, uliokuwa ukila asubuhi nzima, siku ile ulipandwa kwa nusu saa. Wanawake waliokuwa shambani waliiona pikapu ikikata kona kana kwamba haina mzigo, wakainua majembe kuisalimu. Tusekile alipasuliwa na daktari kabla ya saa nne, akapata mtoto wa kiume, mzima, analia. Asajile aliletwa kumwona. Walioshuhudia walisema alimtazama yule mtoto muda mrefu sana, kisha akatoka nje akaegemea boneti ya gari lake akalia peke yake.

Siku ile ilikuwa ya soko huko juu. Adhuhuri watu wa Ikombwe walianza kumzunguka Asajile wakiomba lifti. Kwanza alikataa, akasema gari litabaki. Hawakuelewa gari zima namna ile libaki kwa sababu gani. Lusajo naye alitaka kushuka ili awape wazazi wake habari za mjukuu na kumletea mkewe kanga na uji. Mtu aliyefurahi hupenda kuwafurahisha wengine. Asajile alikubali. Wakapanda watu kumi na mmoja, na magunia ya vitunguu juu yake.

Yaliyofuata yalisimuliwa na mwuza vitunguu aliyenusurika. Alisema walianza kushuka kwa gia nzito, polepole, wakiimba. Kisha wingu likatanda, mtu akagonga paa la dereva na kumhimiza wawahi kabla ya mvua. Asajile akabadili gia, akaweka nyepesi. Gari likashika mwendo upesi mno. Alikanyaga breki, likapungua kidogo, halafu likaongeza. Alijaribu kurudisha gia nzito, ikagoma. Wimbo ukakatika. Mwuza vitunguu aliuona mgongo wa Asajile kupitia kioo cha nyuma, umeinuka kutoka kwenye kiti, kwa kuwa alikuwa amesimama juu ya ile pedali kwa miguu yote miwili. Kwenye kona ya tatu pikapu haikukata.

Gwamaka alikuwa karakana aliposikia kelele za watu, akapanda mlima mbio. Kabla hajaiona pikapu, aliisikia injini. Gari lilikuwa limelala ubavu bondeni, nayo injini ilikuwa ikinguruma bado, kwa kasi, ikijinywea oili yake yenyewe. Waliotangulia kufika walikuwa wamezima ufunguo na haikusikia. Ilibidi Gwamaka avue koti lake na kuliziba nalo bomba la hewa, akilikandamiza kwa mikono miwili mpaka injini ikakohoa na kufa. Ndipo waliposikia majeruhi wakiita. Kisha akamwona Asajile. Pedali ya breki ilikuwa imepinda upande.

Walikufa wanne: Asajile, Lusajo, na akina mama wawili waliotoka kuuza ndizi. Waliobaki wengine walikatika miguu, wengine hawakusimama wima tena.

Baada ya maziko mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Maneno yalikuwa mengi. Wazee walisema injini ile lazima ilitoka kwenye gari la mauti huko mjini, ina laana, ichomwe moto na mabaki yatupwe mtoni. Wengi waliitikia. Gwamaka alikuwa ameketi nyuma. Angeweza kunyamaza na kila kitu kingeisha kwa moto ule. Aliinuka akaomba nafasi.

"Injini haina laana," alisema. "Niliifunga mimi, na kazi yake yote iliifanya. Injini mpya haijui breki za zamani. Yenyewe inajua kwenda tu."

Tusekile alikuwa ameketi upande wa wanawake, amevaa kaniki ya msiba, kichanga kifuani. Kidonda cha tumbo lake kilikuwa hakijapona, lakini alisimama.

"Na wewe, Gwamaka, ulijua?"

"Nilijua."

"Mume wangu alijua?"

"Hakujua. Nilimwambia Asajile peke yake, tena kwa sauti ya chini. Watu walikuwa wakinisifu."

Tusekile alimtazama. Watu walidhani atamlaani, na hakuna ambaye angemzuia.

"Ungesema kwa sauti hiyo unayosema nayo leo," alisema, akageuka akaenda zake.

Injini haikuchomwa. Ilibaki bondeni mpaka nyasi zikaifunika. Gwamaka hakukimbia kijiji, ingawa kuna nyumba ambazo hazikumkaribisha tena mpaka alipokufa. Aliendelea na ufundi wake, lakini alibadilika tabia. Hakumpa dereva ufunguo kabla ya kusimama mbele ya wote watakaopanda na kutaja, kwa sauti ya kusikika barabarani, kila kilichobaki bila kutengenezwa. Madereva walikasirika kwa kufukuziwa abiria. Vijana walimwigiza. Hakujali. Akishamaliza kutaja, aliwatazama abiria mmoja mmoja usoni, na neno lake la mwisho lilikuwa hilo hilo:

"Injini mpya haijui breki za zamani."