Majani Matatu kwa Mama Ngaleku

Hapo zamani, na asiniulize mtu mwaka gani kwa sababu shule niliiacha kabla hawajafika kwenye tarehe, palikuwa na kijiji juu mlimani, kule ambako migomba inaishia na baridi inaanzia. Nyinyi wa mabondeni, mnaovaa sweta kwa manyunyu, kule msingemaliza hata asubuhi moja. Mimi nimefika. Sina haja ya kuapa.

Juu ya kijiji palikuwa na msitu. Juu ya msitu, nyasi. Juu ya nyasi, mawe matupu. Na juu ya mawe palikuwa na mahali panaitwa Dirishani. Ni ukingo wa jabali. Ukisimama pale mbingu ikiwa safi, theluji iko mgongoni kwako na dunia iko miguuni kwako: tambarare, barabara, ziwa linalometa kama bati jipya, na mapaa ya vijiji usivyovijua hata majina. Wageni walitoka mbali kuja kutazama kutoka pale, na vijana wa kijiji waliishi kwa kuwapandisha.

Basi palikuwa na vijana wanne waliopanda pamoja. Kisoka, mkubwa wao, alikuwa kiongozi. Alitangulia, na wageni walimfuata. Nyuma ya wageni alikuja Sifaeli, mpishi. Nyuma ya Sifaeli alikuja Ngaleku, mbeba hema, mtoto wa pekee wa mama yake. Nyuma ya Ngaleku alikuja Matemba, aliyefunga mstari. Nyuma ya Matemba hatembei mtu.

Mlima ule una ukungu, na sisemi huu wenu unaokauka kabla ya chai. Ukishuka, unanyoosha mkono na huoni kiganja chako. Kwa hiyo walikuwa na kanuni mbili. Zishikeni vizuri, maana ndizo zilizoua mtu.

Ya kwanza: ukungu ukishuka, kiongozi anaita majina. Anakuita, unajibu "Nipo," anaita mwingine. Asiyejibu, msafara mzima unasimama mpaka aonekane.

Ya pili: jina lako likiitwa ukunguni mara moja tu, usiitike. Mlima nao unaita, na anayeuitikia haonekani tena. Binadamu huita mara mbili. Isubiri ya pili. Ndiyo maana kiongozi alitaja kila jina mara mbili.

Siku hiyo walipanda na wageni wawili, mume na mke. Ngaleku alikuwa anakohoa tangu kambini walikolala.

"Unakohoa," Kisoka akamwambia.

"Moshi wa jiko la Sifaeli huo."

"Usinisingizie," Sifaeli akasema. "Moshi wangu ungekuwa na nguvu hizo, maharage yangeiva."

"Hilo ni kweli," Matemba akasema kutoka nyuma. "Ya jana bado natembea nayo."

Wakacheka. Kisoka hakucheka. Akamweka Ngaleku kiganja kwenye paji la uso, na paji lilikuwa la moto. Desturi ya mlima ule ni kwamba mgonjwa anarudishwa palepale. Lakini kule langoni pa mlima, safari zinakoanzia, walikuwa wamekaa vijana tele wakisubiri nafasi, na aliyerudishwa alikuta mzigo wake umeshapata kichwa kingine.

"Kaka Kisoka," Ngaleku akasema, "ukinirudisha leo, sipandi tena. Unajua. Niache nifike Dirishani tu, halafu nitashuka mwenyewe bila kusukumwa."

Kisoka akatazama wageni, ambao tangu alfajiri walikuwa wanauliza kama wingu litawaruhusu kuona. Akatazama wingu. Akatazama hema, ambalo ingebidi vipande vyake vigawanywe kwa wenzake, na kugawanya kungewachelewesha, na kuchelewa kungewanyima ziwa na tambarare. Akaondoa kiganja chake.

"Twende," akasema.

Wakaenda. Ukungu ukashuka.

"Sifaeli, Sifaeli." "Nipo." "Ngaleku, Ngaleku." "Nipo." "Matemba, Matemba." "Nipo."

Wakaenda. Mawe yakawa na barafu. Njia ikawa nyembamba, kulia ukuta, kushoto hakuna kitu.

"Sifaeli, Sifaeli." "Nipo." "Ngaleku, Ngaleku." Kikohozi kwanza, halafu "Nipo." "Matemba, Matemba." "Nipo."

Ndipo Ngaleku alipomshika Sifaeli mkono wa koti. "Ndugu yangu, niitikie. Nikae nivute pumzi kidogo. Kisoka akijua nimekaa, mimi basi tena."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu. Nitawafikia."

Hawa wawili walichunga mbuzi pamoja, walitahiriwa pamoja, walichapwa fimbo moja kwa kosa moja. Sifaeli aliweza kuigiza sauti ya Ngaleku mpaka mama wa Ngaleku mwenyewe akaitikia. Ngaleku akajibanza nyuma ya jiwe, akatua hema. Matemba akapita hapohapo, hatua moja kando yake, asione kitu.

"Sifaeli, Sifaeli." "Nipo." "Ngaleku, Ngaleku."

Sifaeli akakohoa. Halafu akasema, "Nipo."

Nawaona mnatabasamu. Shuleni mliitikiana hivyohivyo, mwalimu akaweka alama, na mtoro akabaki zake mtoni anaogelea. Tabasamuni tu. Hadithi haijaisha.

Wakaenda. Matemba akaenda. Na nyuma yake, kule ambako hatembei mtu, akasikia:

"Matemba."

Akasimama. Mbele yake alikuwa ametoka kusikia Kisoka akiita watu wote, na watu wote wakiitika. Sifaeli yuko mbele. Ngaleku yuko mbele, kamsikia akikohoa kwa masikio yake mwenyewe. Basi nyuma kuna nani?

Akangoja ya pili. Akangoja kama alivyofundishwa. Upepo ukapita. Ya pili haikuja. Akakaza mwendo, akawafuata wenzake.

Walipofika Dirishani, ukungu ukapasuka kama kitambaa kilichokatwa kwa kisu. Wazee wa kijiji wanasema Dirishani hapajawahi kuwa safi kama siku ile. Ziwa lote, barabara yote, kila paa. Wageni wakashikana mikono. Kisoka akageuka ahesabu watu kwa macho.

"Ngaleku yuko wapi?"

Matemba akamtazama Sifaeli. Sifaeli akatazama chini.

Yule mgeni mwanamke alikuwa ameshika darubini, anaipitisha polepole kutoka ziwani hadi miambani. Akauliza kwa upole, kama anauliza jina la ua, kile kitu chekundu kule chini ni nini. Ilikuwa sweta ya Ngaleku. Mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa ameinuka kuwafuata, akakosa njia, akaita mara moja, na mguu haukumpa nafasi ya kuita mara ya pili.

Walimteremsha wenyewe. Walimzika mgombani kwa mama yake.

Sasa, kule kwao, kifo kikiwa na mwenye kosa, mwenye kosa hukata jani la sale, ule mmea wa kuombea msamaha, akalifunga fundo, akaenda kwa mfiwa. Jani likipokelewa, neno limefungwa. Aliyelileta anaingia nyumba ile kama mtoto: atamkatia ng'ombe majani, atapalilia migomba, na siku ikifika atachimba kaburi la aliyempokea. Jani likikataliwa, kifo ni chake. Hakuna atakayepanda mlima naye. Hakuna atakayekunywa mbege, pombe yao ya ndizi, katika kibuyu kimoja naye. Akiita ukunguni, hata mara kumi, hakuna atakayeitika.

Na kifo kimoja hupokelewa jani moja. Tangu kijiji kile kianze, haijawahi kuwa vingine.

Asubuhi Mama Ngaleku akafungua mlango, akakuta watu watatu wamepiga magoti, na majani matatu.

"Shikamoo, mama," wakasema.

"Marahaba," akasema, akaketi kizingitini. "Nilizaa mmoja. Nyinyi mko watatu. Semeni."

Kisoka akasema: "Mama, pokea langu. Mimi ndiye niliyemgusa paji, nikaona moto, nikasema twende. Ningemrudisha, hawa wawili wasingekuwa na kosa la kufanya. Langu ndilo kubwa, na aliye na kubwa ndiye anayehitaji msamaha. Nikikosa kusamehewa, kijiji hakitakuwa na kiongozi wa kumfuata."

Sifaeli akasema: "Umeshaanza kujipangia kazi, kaka. Mama, pokea langu. Aliniomba kwa jina la udugu, nami sikuweza kumnyima. Nilimwua kwa sauti yake mwenyewe. Lakini hakuna aliyempenda kama mimi, na kosa langu ni la kumpenda. Kama nyumba hii inatafuta mtoto, mimi nilishakula kwenye vyungu vyake tangu sina meno."

"Ndugu gani," Kisoka akasema, "anaigiza kikohozi cha mgonjwa?"

"Na kiongozi gani anahesabu sauti badala ya watu?"

Matemba akasema: "Mnagombania jani kama mfupa. Mama, pokea langu. Huyu alikiuka desturi ya kurudisha mgonjwa. Huyu alikiuka kanuni ya kuitika. Mimi sikukiuka kitu. Nilishika kanuni, na kwa kuishika nikamwacha. Wao watasema walikosea, watu wataelewa. Mimi nitasema nini? Na mtu aliyemtaja ni mimi. Neno lake la mwisho lilikuwa jina langu."

Mama Ngaleku akamgeukia Matemba. Kisha akauliza, "Aliita mara moja?"

"Mara moja, mama."

"Ukangoja ya pili."

"Nikangoja."

"Nani alikufundisha?"

Matemba akamtazama yeye. Sifaeli akainamisha kichwa. Kisoka akatazama pembeni. Watatu wote, walipokuwa watoto na meno ya mbele hayajaota, walifundishwa kanuni hiyo kando ya ukuta wa nyumba ileile, pamoja na Ngaleku, na mwanamke yuleyule aliyeketi mbele yao.

"Nilidhani nawalinda," akasema. "Niliwachapa kwa hilo. Wewe, Matemba, nilikuchapa zaidi, kwa sababu ulikuwa na haraka ya kuitika."

Ng'ombe akalia zizini; hakuna aliyemkatia majani tangu msiba. Jua likapanda. Majani yale matatu yakaanza kulegea mikononi mwao, na jani la sale likinyauka kabla ya kupokelewa halipokelewi tena.

Mama Ngaleku akanyoosha mkono.

Sasa jibuni nyinyi, wenye shule zenu zilizokamilika. Yule aliyejua, yule aliyeitika, na yule asiyeitika: wawili watainuka pale na maiti mgongoni mpaka waingie kaburini. Je, ni jani la nani lililostahili mkono ule?