Zimwi Lililoshindwa Kuimba Mbu

Paukwa! Mlioitika, kaeni, mliosinzia, shauri yenu na zimwi.

Siku moja zimwi lilimtia Mwalimu Tunu guniani, akiwa njiani kwenda chekechea.

"Digrii nzima, kazi kuimba na watoto wa kamasi!" likamcheka, limeukaba mdomo wa gunia kwa mikono miwili. "Leo nakula darasa zima."

Tunu akauma meno. Ajira ya digrii kakosa, na pumzi pia akose?

Mlangoni pa chekechea, zimwi likabisha kwa mguu. "Hodi wanangu! Mwalimu wenu."

"Ticha, imba kwanza!" watoto wakajibu ndani. "Tembo!"

Sauti nene. Likanguruma: duuu!

"Mbuzi!"

Sauti ya kati. Likalia: meee!

"Mbu!"

Sauti nyembamba. Likakwama: khoo!

"Ticha umesahau? Mikono juu, ndipo sauti ipande!"

Zimwi, jinga hilo, likainua mikono. Gunia likaanguka, Tunu akachomoka akiimba: nziiii! Darasa zima likadakia: nziiii! Masikio yakalichoma, likakimbia. Wallahi, mpaka leo likisikia mbu hujizaba kofi.

Mlango ukafunguliwa. "Ticha, nani alikuwa anaimba vibaya hivyo?"

"Mmoja asiyepita chekechea."

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye dharau aimbe mbu tumsikie.