Mzizi wa Kurudisha Weusi wa Nywele

Hapo zamani, zamani ya mwaka juzi tu, nisiwadanganye, palikuwa na mpumbavu mmoja mjini Korogwe. Jina lake Mhina, fundi cherehani. Msigeuke kumtafuta, ndiye huyu anayesema nanyi.

Siku moja nilikwenda harusini na mke wangu, Zubeda. Mama mmoja akamshika mkono, akamwambia, "Hongera dada, unamtunza vizuri baba yako." Baba ndiye mimi! Nimemzidi Zubeda miaka minne tu, ila mvi zimenijaa kichwani. Pilau nikaiacha sahanini.

Kesho yake nikaingia kwa Bi Lin, Mchina mwenye duka la dawa za mizizi za kwao. Nikaulizia dawa ya mvi. Akanionyesha kopo kubwa la unga mweusi wa mzizi uitwao heshouwu.

"Kwetu wazee husema unarudisha weusi wa nywele," akasema. "Husema. Mimi siapi. Huu umepikwa na maharage meusi, maana ukiwa mbichi ni mkali zaidi. Lakini hata uliopikwa umewahi kudhuru maini ya watu. Kijiko kimoja kwa siku, wiki mbili, basi. Ukiona macho ya manjano, acha, kimbilia hospitali. Umesikia, Mzee Mhina?"

"Nimesikia."

Masikio yalisikia kweli. Kichwa kikawa kinapiga hesabu zake: kama kijiko kimoja kinarudisha nywele, vinne si vitarudisha na ujana?

Nikanywa vijiko vinne kila siku, mwezi mzima. Mvi hazikutikisika hata moja. Macho ndiyo yaliyobadilika, yakawa manjano kama binzari. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Chakula nikikinusa tu, natapika.

"Baba Saumu, macho yana nini?" Zubeda akauliza.

"Vumbi la vitambaa." Nikadanganya.

Hakuamini. Akapekua chini ya cherehani, akakuta kopo, akalimwaga lote chooni, kisha akanikokota hospitali.

Daktari alikuwa binti mmoja aitwaye Tunu. "Shikamoo, mzee. Unatumia dawa gani?"

"Situmii." Nikadanganya.

"Hata za kienyeji?"

"Hata mwarobaini sijaonja." Nikadanganya tena. Jamani, nimwambie msichana yule kwamba babu mzima nataka nywele nyeusi?

Akapima malaria, hakuna. Akapima virusi vya homa ya ini, hakuna. Akarudi, akaketi kando ya kitanda. "Mzee, kuna kitu umekimeza. Dawa yoyote sikupi mpaka nikijue. Ini lako halitasubiri aibu yako iishe."

Nikageukia ukuta. Zubeda akasema aliona unga mweusi, ila aliumwaga na jina halijui.

"Mama, ungebakiza hata kijiko kimoja!" daktari akalalamika.

Habari zikafika sokoni kwamba fundi Mhina ana macho ya manjano. Bi Lin akafunga duka, akaja wodini na pakiti ya unga ule mkononi. Mbele ya wagonjwa na ndugu zao akasema, "Mimi ndiye niliyemuuzia." Watu wakaguna. Wengine wakaapa kumfukuza mjini. Hakuondoka mpaka daktari alipomaliza kumuuliza kila kitu.

Hapo matibabu yakashika njia. Nikalala wodini siku kumi na tisa. Ini likapona polepole.

Nikachinja mbuzi wa shukrani, nikatangaza kuwa ini lake lote ni la aliyeniokoa.

Zubeda akasema, "Ni langu. Nisingemwaga unga ule, ungekunywa mpaka kaburini." Kweli. Lakini ndiye aliyemwaga ushahidi.

Daktari Tunu akasema, "Ni langu. Ningeuamini uongo wako, ningekupa dawa za kukumalizia." Kweli. Lakini bila jina la mzizi alikuwa anapapasa tu.

Bi Lin akasema, "Ni langu. Nilikuonya kabla, nikaja kukiri baadaye, na duka langu nikalihatarisha." Kweli. Lakini kopo lilitoka kwake.

Nami nikajikohoza: "Ila aliyevumilia maumivu..." Zubeda akanitilia utumbo sahanini, nikautafuna.

Ini likabaki mezani likipoa, nami sikujua nilisogeze upande gani. Nyinyi mna akili kunizidi, na hilo si jambo gumu. Basi niambieni: je, nani kati yao alistahili ini lile?