Mteja wa Kwanza

Korogwe alikuwepo bwana mmoja, Mshangama, ambaye kila biashara aliyoigusa ilikufa. Asubuhi moja alijitoma kwa Shekiondo, tajiri wa duka la jumla, kabla tajiri hajauza hata njiti.

"Shikamoo, tajiri. Natafuta biashara inayonifaa, nipe ushauri."

"Marahaba. Umewahi kufanya ipi?"

"Nilikaanga chipsi, viazi vikaadimika mji mzima. Nikauza miavuli, mvua ikagoma miezi minne. Nikawa kinyozi, umeme ukakatika mteja wangu wa kwanza kanyolewa upande mmoja. Mpaka leo anavaa kofia."

Shekiondo alicheka, kisha akaacha ghafla. "Toka! Sijauza kitu bado. Mteja wa kwanza akiwa na mkosi, siku yangu nzima imekufa."

"Natoka, tajiri. Ila niuzie kiberiti, nisionekane nilikuja kupiga soga. Hela hii hapa."

"Usinipe hela yako!" Tajiri alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Akapima mchele kilo mbili mbiombio, akamsukumia. "Chukua bure, na asubuhi usikanyage hapa tena!"

Mshangama alipokea kwa mikono miwili, akaufuata mlango.

"Lakini wewe," Shekiondo alimwita, huruma imemwingia, "utaishije, na biashara huiwezi?"

"Inayonifaa nimeshaipata, tajiri," alijibu Mshangama, akiutia ule mchele kwenye kikapu chenye sukari, maharage na sabuni. "Haitaki mtaji, na saa tatu nimesharudi kulala. Wewe ni mteja wangu wa nne leo."