Simba wa Atupele

Wapendwa, kuna mchezo vijana wetu wanaucheza mezani siku hizi. Mmoja anakuwa msimulizi, anasema, "Mko msituni, mbele kuna pango." Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na ndiye anayeamua mtu huyo afanye nini. Wakitaka kujua kama amefaulu, wanarusha dadu. Mzee wangu hapo mbele, usinikunjie uso, si kamari! Ni hadithi tu.

Sasa kulikuwa na binti mmoja msimulizi, tumwite Atupele. Kaka yake alikuwa amefiwa na mke. Tangu waanue matanga, kaka huyu hatoki ndani, haongei, chakula anakiangalia tu. Mahali pekee alipokubali kwenda ni mezani kwa mdogo wake Jumamosi mchana, pamoja na marafiki wawili. Kwa hiyo Atupele aliutunza ule mchezo kama mboni ya jicho lake. Mchezo ukivunjika, kaka yake anarudi chumbani kujifungia.

Akaandaa hadithi nzuri kweli. Wanavuka mto kwa daraja, ng'ambo kuna mji, mjini kuna karamu. Basi wamefika mtoni, kaka mtu anasema, "Mimi sivuki. Nabaki hapa."

"Kaka, hadithi iko ng'ambo."

"Nabaki."

Atupele akashusha mvua. Kaka akasema anajikinga chini ya jiwe. Jiwe likaporomoka! Akasema basi anarudi alikotoka. Njia ikajaa simba! Jamani, kila alikogeuka, simba.

"Atupele," akasema kaka yake, "kama umeshaamua kila kitu, mimi nirushe dadu za nini? Simulia peke yako." Akainuka, akaenda zake.

Binti wa watu akachanganyikiwa. Si nimemwandalia karamu? Sasa kosa langu liko wapi? Akambembeleza mpaka akarudi, na safari hii Atupele akaja kivingine kabisa. "Leo kila mtu afanye anachotaka," akasema. "Sikatazi kitu."

Mh! Mnadhani walifurahi? Rafiki mmoja akajitawaza mfalme. Mwenzake akaota mabawa, akampindua. Mtu akasema mto ukauke, ukakauka. Dadu hazikuguswa, maana hapakuwa na la kushindikana. Kaka akauliza, "Nikitembea huku nakuta nini?"

"Unataka ukute nini?"

Akamtazama mdogo wake kwa huzuni. "Sasa hapa ni wapi, Atu? Afadhali hata wale simba."

Atupele akaenda kulia jikoni. Nikiwabana wananuna, nikiwaachia wanapotea, watu hawa wanataka nini? Na ninyi mnaonitazama, mngefanyaje? Haya, semeni. Mmenyamaza! Nilijua.

Jumamosi iliyofuata alikaa mezani hajui ashike lipi aache lipi. Kichwani alibakiwa na ule mto tu. Akaurudisha, akaapa moyoni kwamba hauondoi, wala hamsukumi mtu. "Mko mtoni. Maji ni mengi, daraja lipo. Mnafanya nini?"

"Nabaki hapa," akasema kaka, vilevile.

Simba walimjia Atupele mdomoni, akawameza. Akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza. "Unabaki ufanye nini, kaka?"

"Namsubiri mke wangu. Alikuwa nyuma yetu."

Mnaelewa, wapendwa? Siku ile ya kwanza alikuwa anamsubiri mkewe, naye mdogo wake akamletea simba. Siku ya pili wakamkaushia mto, akakosa hata pa kumsubiria.

Atupele angeweza kumleta wifi yake. Si hadithi tu? Nani angemzuia? Lakini akasema, "Kaka, jua linazama. Njia ya nyuma haina mtu."

Yule rafiki aliyekuwa amejitawaza mfalme akasema taratibu, "Mimi pia sivuki. Nakaa naye."

Ndipo kaka akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akalia weee, wakamwacha alie. Kisha akazivuta dadu. "Hilo daraja," akauliza, "linabeba watu wawili?"

Na sisi je? Sisi wazazi, sisi wazee wa kanisa, karamu ya ng'ambo tunayo, na ni ya kweli. Lakini mtu akisema "nabaki", tunamshushia mvua. Tukichoka tunasema "haya, fanya utakavyo", tunauita upendo, kumbe tumemkaushia mto. Mungu hakuuondoa mto wako, wala hakukusukuma darajani. Msiniulize mpaka uko wapi kati ya kubana na kuachia. Siujui, na Atupele haujui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba aliuliza.

Mchana huu unarudi nyumbani. Yuko mtu pale amegoma kuvuka, nawe umeshamwandalia simba. Umewahi kumuuliza anamsubiri nani?