Chapa ya Punda

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mmeitika kinyonge, hamjala? Paukwa!
Pakawa!
Haya, hapo sawa.

Hapo zamani za kale, ng'ombe walijipiga chapa wenyewe. Kila mwaka, mvua zikikatika, koo zote zilikutana kwenye zizi kubwa. Wakaja wenye chapa ya mwezi. Wakaja wenye chapa ya mkuki. Wakala, wakacheza, wakasengenyana. Moto ukakokwa. Nyani akapewa chuma kwa kuwa ndiye mwenye mikono, akaringa siku nzima.

Sheria ilikuwa moja. Ndama hupigwa chapa ya mama anayemfuata. Ng'ombe asiye na chapa hutolewa nje. Na huko nje alikuwako Fisi, akichungulia uani.

"Asiye na chapa ni wangu," akasema, akajilamba.

Sasa, Punda naye alikuwapo. Alikuja na Tunu, ndama wa ng'ombe. Mama yake Tunu alikufa kwa ukame, Punda akamlea kwa maziwa yake mwenyewe. Lakini punda hawakupigwa chapa, wao walijulikana kwa masikio. Na moto Punda aliuogopa, jamani, hata moshi ulimkimbiza.

Fahali mkuu akaita, "Ndama, mfuate mama yako."

Tunu akaenda, tak, tak, tak, mpaka kwa Punda. Zizi zima likacheka.

"Rudi, uende tena," Fahali akasema.

Tunu akarudi, akaenda tena, tak, tak, tak, mpaka kwa Punda. Safari hii alicheka Fisi peke yake.

Fahali akainamisha kichwa. Hakuwa na roho mbaya, sheria ndiyo iliyombana. "Dada Punda, ndama hupata chapa ya mama. Wewe huna. Nimpe ipi?"

Punda akautazama moto. Alitamani kukimbia, na mbio alikuwa nazo. Akamtazama Tunu. Tunu alikuwa anatafuta titi, hana habari.

"Mama yake alikuwa na chapa ya mwezi," Punda akasema. "Nipigeni hiyo. Mimi kwanza."

"Punda hapigwi chapa," Nyani akasema.

"Leo atapigwa."

Chwaaa! Moshi ukapanda. Punda akalia ile sauti yake ya kukwaruza, mnaijua. Lakini hakukimbia. Kisha Tunu, amejibana ubavuni mwake, chwaa, naye akapigwa. Akalia kidogo, akalambwa, akanyamaza.

Ng'ombe wa ukoo wa mwezi wakasogea, mmoja mmoja, wakampisha Punda katikati yao. Fisi akangoja mpaka miguu ikafa ganzi, akaenda zake na njaa yake.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, sikieni: aliyekulea akakubali kuumia kwa ajili yako, huyo ni mama yako, hata awe na masikio marefu.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kidonda kimepona. Anayebisha akamtazame Punda pajani.